Tulee mtoto wa hapa Malindi, au tumlete wa jamaa kutoka Tanga?

Binti wa Shela, Malindi

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 38, na mume wangu, ambaye ni seremala, ana miaka 45. Tumeoana kwa miaka 11 bila kujaaliwa mtoto, na baada ya kuzunguka hospitali za hapa na za Mombasa mpaka akiba yetu ikakauka, tumekubaliana kwa moyo mmoja kwamba tutalea mtoto aliyezaliwa na wengine. Hilo halina mjadala tena nyumbani kwetu. Lililobaki, nalo ndilo linalotukosesha usingizi, ni mtoto yupi na kwa njia gani.

Njia ya kwanza ni ya hapa hapa. Kuna makao ya watoto ambayo kila Ramadhani huyapelekea futari pamoja na wanafunzi wangu, na huko nimemjua mvulana wa mwaka mmoja na nusu ambaye aliokotwa akiwa mchanga kabisa. Sijui kama ameruhusiwa kuasiliwa, na sijathubutu kuuliza, lakini kila nikienda hunishika kidole cha shahada na hakiachi mpaka aitwe kula.

Njia ya pili ni ya ng'ambo ya mpaka. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga. Mwaka jana binamu yake mume wangu alifariki dunia na kuacha binti wa miaka 6, ambaye baba yake hajulikani aliko, na sasa mtoto huyo anaishi na bibi yake mzaa mama. Wakwe zangu wanasema hatuna sababu ya kutafuta damu tusiyoijua ilhali damu yetu iko hapo tu ukishavuka Horohoro. Wapo wanaotushauri tumpandishe basi tumlete, kama watu wa pwani walivyokuwa wakipelekeana watoto tangu zama za majahazi, na wapo wanaotuonya kwamba jambo hilo siku hizi linaweza kutufikisha mahakamani kama wahalifu.

Naomba kuelezwa sheria ya Kenya na ya Tanzania inasemaje. Naomba pia anayejua dini anisaidie katika mambo ya jina, mirathi na umaharimu, yaani udugu unaozuia ndoa. Na zaidi ya yote ningependa kusikia kutoka kwa mtu ambaye mwenyewe amelea, au amelelewa, kwa sababu mpaka sasa wanaonishauri wote ni watu waliozaa.

Wakili wa Pwani

Dada, waalaykumu salaam. Nimeshughulikia maombi ya namna hii, na nitakueleza yale ya sheria tu. Mengine wapo watakaoyaeleza vizuri kuliko mimi.

Kwa mtoto aliye Kenya, sheria inayotumika ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Ninyi wawili kwa umri mnafaa: mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 25, amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21, na asiwe amepita miaka 65. Hamuendi mahakamani moja kwa moja, wala hamkubaliani na makao ya watoto mkaondoka na mtoto. Mnaanza na shirika la kuasili lililosajiliwa, ambalo litawachunguza ninyi, nyumba yenu, afya yenu na kipato chenu, na mtoto mwenyewe lazima awe na hati kwamba yuko huru kuasiliwa. Kwa mtoto aliyeokotwa, hati hiyo haitoki mpaka polisi wathibitishe kwa maandishi kwamba jamaa zake wametafutwa na hawakupatikana, na hapo ndipo mafaili mengi hukwama, kwa hiyo ulizeni barua hiyo mapema. Baada ya hapo mtaishi na mtoto kwa muda usiopungua miezi 3 mfululizo kabla ya kuwasilisha ombi, mahakama itamteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika shauri lenyewe, ofisi ya watoto itatoa ripoti yake, na jaji atawasikiliza faraghani. Mahakama Kuu iko hapo Malindi, hamna haja ya kwenda Mombasa.

Kuhusu uraia wa kijana huyo msiwe na hofu. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inamhesabu mtoto aliyekutwa nchini, anayeonekana kuwa chini ya miaka 8 na ambaye wazazi na uraia wake havijulikani, kuwa raia wa kuzaliwa.

Mtoto wa Tanga ni habari nyingine kabisa. Yeye ni Mtanzania, na kwa sheria ya kule ninyi ni wageni hata kama mume wako ana nusu ya ukoo wake huko. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka asiye raia awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo, na awe amemlea mtoto huyo kwa angalau miezi 3, kabla mahakama haijakubali ombi lake. Iwapo siku moja mngefanikiwa, Katiba yetu katika kifungu cha 15 inampa mtoto wa kigeni aliyeasiliwa na raia haki ya kusajiliwa kuwa raia, kwa hiyo mlango wa upande wa Kenya si tatizo. Tatizo ni kwamba hamuwezi kuufikia mlango huo bila kupita ule wa Tanzania.

Hilo la kumpandisha basi naomba mlifute kabisa. Hata kama nia yenu ni njema na bibi ameridhia kwa mdomo, mtoto wa watu aliyevushwa mpaka bila hati huwa hana cheti kitakachomsajili shuleni wala kumpa kitambulisho akikua, na ofisa wa mpakani Lunga Lunga anayefuata Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010 hana namna ya kuusoma moyo wako. Ni hofu hiyo hiyo ya biashara ya watoto iliyolifanya Baraza la Mawaziri la Kenya, Novemba 2014, lisimamishe wageni kuwaasili watoto wa Kenya.

Neno la mwisho ni la kiini cha sheria yenyewe, ambacho watu hukisahau wakishika fomu. Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2007, unaweka daraja: kwanza mtoto abaki katika familia yake ikiwezekana, ikishindikana, atafutiwe familia nchini mwake, na nje ya nchi huja mwisho. Sasa nakuuliza kama wakili anavyouliza: huyu binti wa Tanga ana bibi anayemlea. Je, kuna mtu aliyemwuliza bibi huyo anataka nini?

Mzee wa Langoni, Lamu

Mwanangu, umetaka kusikia kutoka kwa aliyelelewa. Mimi nimelelewa, na sasa nina wajukuu.

Baba yangu alikuwa nahodha na alifia baharini kabla sijazaliwa, na mama alimfuata nikiwa na miezi 4. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa na binti anayenyonya, akanichukua akaninyonyesha pamoja naye, mmoja titi la kulia na mmoja la kushoto, kama alivyopenda kusimulia. Kwa ziwa lile akawa mama yangu, mumewe akawa baba yangu, na yule binti akawa dada yangu ambaye hata leo huingia chumbani kwangu bila kujitanda. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mtoto akinyonyeshwa mara tano za kutimia kabla hajafikisha miaka miwili, umaharimu umethibiti.

Nakueleza haya kwa sababu wakwe zako wanakuambia "damu yetu" kana kwamba damu imemaliza kila kitu. Haijamaliza. Binti wa binamu yake mume wako si maharimu wake; akibaleghe ndani ya nyumba hiyo itabidi ajisitiri mbele ya mume wako kama anavyojisitiri mbele ya mgeni, na kwa miaka 6 wakati wa kunyonya umepita zamani. Yule kijana wa makao, ambaye damu yake hamuijui, bado amebakiza miezi michache kufika miaka miwili: ukiwa na dada wa tumbo moja anayenyonyesha, naye akakubali, na wenye mamlaka juu ya mtoto wakaruhusu, atakuwa mwana wa dada yako na wewe utakuwa mama yake mdogo au mkubwa. Muda ukipita kabla hamjampata, bado mtamlea, mkijua tu kwamba akifika ukubwani kuna mipaka ya kuchunga.

Kuhusu jina, Surat al-Ahzab, aya ya 5, inaamrisha walelewa waitwe kwa baba zao, na inaendelea kusema kwamba msipowajua baba zao, basi hao ni ndugu zenu katika dini. Naomba uisome aya hiyo mpaka mwisho, kwa sababu wengi huishia katikati na kuitumia kuwakatisha tamaa watu kama wewe. Mlezi wangu hakunipa jina lake. Kila Idi, kabla ya kwenda kula pilau, alinishika mkono mpaka ufuoni, kwa kuwa baba hakuwa na kaburi, tukamsomea Fatiha tukielekea baharini. Sikuwahi kuona haya kulitaja jina la baba yangu, na sikuwahi kupunguza mapenzi kwa yule aliyenilea.

Mirathi: mlelewa harithi kama mwana, lakini mlango haukufungwa. Unaweza kumuusia mpaka thuluthi ya mali yako, au ukampa hiba ukiwa hai. Mimi niliandikiwa chumba cha juu katika nyumba ya mlezi wangu, mbele ya mashahidi wawili, na kwa vile iliandikwa, ndugu zangu hawakupata la kusema. Kosa ambalo mzee wangu alilifanya ni moja: hakutafuta karatasi yoyote ya serikali. Nilipotaka kitambulisho nilirudishwa mara nne, nikiambiwa nimlete mzazi, na nilipomleta aliyenilea nikaambiwa majina hayalingani. Kwa hiyo Wakili ana haki. Dini haikukataza karatasi.

Wakili wa Pwani

Naongeza mawili juu ya maneno ya Mzee, kwani yamegusa mahali ambapo Waislamu wengi wa pwani huchanganyikiwa. Sheria ya 2022 imeitaja kafala kuwa mojawapo ya njia za malezi mbadala kwa mtoto Mwislamu, yaani kumlea bila kuikata nasaba yake. Kuasili kwa amri ya mahakama ni kitu tofauti, kwani humfanya mtoto awe kama aliyezaliwa na ninyi. Hata hivyo Sheria ya Urithi ya Kenya haitumiki kwa mali ya Mwislamu aliyefariki, kwa hiyo mkiasili bila kuandika wasia, mtoto anaweza kujikuta ana cheti kizuri na hana fungu. Kadhi ana mamlaka katika ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi baina ya Waislamu, lakini si yeye anayetoa amri ya kuasili. Mwendeeni kwa ushauri na kwa wasia, na ofisi ya watoto kwa karatasi.

Mama wa Gede

Dada yangu, mimi ni Mkristo, kwa hiyo ya kafala nawaachia wenyewe. Mimi na mume wangu tuliasili mtoto wa kike wa miezi 10 kutoka makao ya watoto ya hapa Kilifi, na sasa yuko darasa la pili. Nitakueleza mambo mawili ambayo hakuna aliyenieleza.

La kwanza ni ukimya. Usiku wa kwanza nilimlaza, nikakaa macho nikimsubiri alie. Hakulia. Alfajiri nilimkuta amelowa, macho wazi, ametulia anaangalia paa. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mtoto mpole, mpaka muuguzi wa zahanati aliponieleza kwamba mtoto aliyezoea kulala na wengi mbele ya mlezi mmoja hujifunza mapema kwamba kulia hakumleti mtu. Ilichukua wiki sita. Siku aliyolia saa nane za usiku kwa sauti ya kuamsha majirani, mume wangu alimbeba akizunguka naye uani, na mimi niliketi kitandani nikalia pia. Kijana wako anayekishika kidole chako asikiache anakutafuta, na ukianza usiache katikati. Kama hujaamua, punguza kwenda, maana yeye ndiye atakayeumia.

La pili ni kumwambia ukweli. Mimi nilichelewa. Nilisema nitamweleza akifika darasa la kwanza, na kabla sijamweleza mwenzake alimwambia bombani, kwa ugomvi wa ndoo, kwamba yeye aliokotwa. Alirudi nyumbani na ndoo tupu akaniuliza, "Mama, mlinikuta wapi?" Ningekuwa nimemsimulia tangu akiwa mgongoni, neno lile lisingekuwa na sumu. Kwa mtoto wa Tanga hili lisingekuwa tatizo, kwa kuwa ana miaka 6 na anamkumbuka mama yake. Yeye tatizo lake lingekuwa kinyume: angejua vizuri kabisa ni wapi ametolewa.

Mtoto wa Malindi, Torino

Nimezaliwa Malindi na ninaishi Italia mwaka wa 16, katika kazi ya kutunza wazee. Sitaki kuyarudia yaliyosemwa, ila naunga mkono swali la Wakili kuhusu bibi kwa sababu ya jambo nililolishuhudia.

Nina rafiki aliyeletwa huku kutoka Ethiopia akiwa na miaka 5. Wazazi waliomlea ni watu wema, walimsomesha, na hakuna siku aliyonyimwa kitu. Karatasi zake ziliandikwa kwamba ni yatima. Alipofika miaka 29 alikwenda Addis Ababa na akamkuta mama yake yu hai, anauza buni, ambaye kwa miaka yote aliamini kwamba mtoto amepelekwa kusoma na atarudi likizo. Waliketi pamoja siku nne, wakizungumza kupitia kwa mkalimani wa kukodi, kwa kuwa lugha ya mama yake alikuwa ameisahau yote isipokuwa neno la maji. Siku hizi anajifunza Kiamhari jioni baada ya kazi.

Kesi za aina hii ndizo zilizofanya nchi nyingi zibadili msimamo. Ethiopia iliwakataza wageni kuasili watoto wake Januari 2018, Uholanzi ilisimamisha shughuli hiyo mwaka 2021 baada ya uchunguzi wa serikali yake yenyewe, na China iliufunga mlango mwaka 2024. Marekani, iliyopokea karibu watoto 23,000 kutoka nje mwaka 2004, ilipokea chini ya 1,300 mwaka 2023.

Najua Tanga si Torino. Binti huyo angekuja kwa watu wenye lugha yake, dini yake na mapishi yake, na bibi yake angekuwa safari ya siku moja. Lakini kuna swali moja ambalo halibadiliki kwa umbali, nalo ni kama mtoto anaondolewa kwa sababu hana mtu, au kwa sababu mtu aliye naye ni maskini. Kama ni umaskini, nauli ya kwenda kumchukua ingeweza kununua mabati.

Binti wa Shela, Malindi

Nawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu tulifunga safari.

Tulikwenda Tanga wakati wa likizo ya shule, mimi na mume wangu, bila kumweleza mama mkwe kwamba hatujaamua. Bibi alitupokea vizuri, akatupikia ndizi mbichi kwa samaki, na baada ya kula nikamwuliza lile swali la Wakili kama lilivyo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba tangu msiba, sisi ni watu wa tatu kumjia juu ya mtoto huyu na wa kwanza kumwuliza. Akasema hataki kumtoa. Anachotaka ni mtoto apimwe macho, kwa kuwa mwalimu amelalamika haoni ubaoni, na mtu wa kumlipia sare. Yule binti muda wote alikuwa nyuma ya bibi yake, ameukamata ukingo wa kanga yake akiuzungusha kidoleni, na tulipoaga hakuuachia.

Kabla ya kuondoka tulimpeleka mjini akapimwa na akapata miwani. Mume wangu amejitwika sare na ada, na tumekubaliana atakuwa anakuja kwetu likizo pamoja na bibi yake, kwa hati halali za safari, kama bibi atapenda. Mama mkwe bado amenuna. Nadhani ataelewa, na asipoelewa tutaendelea kumheshimu vile vile.

Kuhusu mvulana, nimethubutu kuuliza. Barua ya polisi ipo, ila hati haijatoka, na tumeelezwa wazi kwamba tunaweza kupewa mtoto mwingine badala yake. Nililia nilipoambiwa hivyo, kisha tukatia saini. Tumechagua njia ya mahakama, pamoja na wasia wa thuluthi mbele ya mashahidi, na ikiwa tutampata yeye, jina la mume wangu halitawekwa kama nasaba katika mazungumzo yetu ya nyumbani. Atajua tangu mgongoni kwamba alikutwa, na alikutwa na nani. Dada yangu mdogo, ambaye mwanawe ana miezi 7, amesema yuko tayari kumnyonyesha iwapo hati itatoka mapema.

Jumatano iliyopita ofisa alikuja kuikagua nyumba. Aliuliza mtoto atalala wapi, na mume wangu akamfungulia kile chumba cha nyuma tulichokuwa tukiwekea mbao. Kumbe alikuwa amekwisha kuzitoa zote usiku, na kitanda amekitengeneza kwa mkono wake, cha mvule, kimepigwa msasa mpaka kwenye miguu.